Matairi ya pikapu inayovuta tela: Soma uzito kabla ya kuuliza bei

Mfanyabiashara anayepakia vitunguu Mang'ola, wilayani Karatu, na kuvipeleka Nairobi kupitia Namanga hupiga hesabu ya bei ya gunia, mafuta, ushuru na posho ya dereva. Matairi mara nyingi huingia kwenye hesabu pale tu yanapopasuka.

Likipasuka tairi la nyuma la pikapu karibu na Longido, huku tela likiwa limejaa, hasara haiishii kwenye bei ya tairi jipya. Mzigo unachelewa soko la alfajiri, vijana wa kushusha na kupakia upya wanadai chao, na gari linaweza kumshinda dereva likaacha njia pamoja na tela lake.

Chanzo cha hasara kama hiyo kinaweza kuwa ni dukani, siku ile matairi yaliyoisha yalipobadilishwa. Mnunuzi huangalia mambo mawili: kama tairi linaingia kwenye rimu, na bei yake. Jambo la tatu, ambalo ndilo la kwanza kwa gari linalovuta tela, limeandikwa ubavuni mwa tairi kwa tarakimu ndogo ambazo wengi hawazisomi. Hilo ni uzito ambao tairi linaweza kubeba.

Makala haya yanaeleza namna ya kusoma tarakimu hizo, namna ya kuzilinganisha na mzigo, na mambo mengine ya kuzingatia kabla ya kutoa fedha.

UKUBWA MMOJA, MATAIRI MATATU

Chukua mfano wa ukubwa wa 225/75R16 ambao hutumika kwenye pikapu na magari mengine yenye rimu za inchi 16. Namba 225 ni upana wa tairi kwa milimita, 75 ni asilimia ya urefu wa ubavu ukilinganishwa na upana, R inaonyesha aina ya ufumaji wa nyuzi (radial), na 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi.

Matairi matatu yanaweza kuwa na maandishi hayo, yote yakaingia kwenye rimu ileile, lakini yakatofautiana sana kwa nguvu:

- 225/75R16 104. Hili ni la magari ya abiria. Namba ya uzito ya 104 maana yake ni kilo 900 kwa tairi moja.

- LT225/75R16 115/112. Herufi LT zinaonyesha kuwa limetengenezwa kwa ajili ya malori madogo na pikapu. Namba 115 ni kilo 1,215 kwa tairi moja.

- 225/75R16C 121/120. Herufi C mwishoni ni ya magari ya biashara. Namba 121 ni kilo 1,450 kwa tairi moja.

Penye namba mbili, ya kwanza ni kwa ekseli yenye tairi moja kila upande, kama zilivyo pikapu nyingi. Ya pili ni kwa ekseli yenye matairi mawili mawili kila upande.

Kati ya tairi la kwanza na la tatu kuna tofauti ya kilo 550, ilhali kwa macho yanaweza kufanana. Muuzaji asiye makini, au mwenye haraka ya kumaliza mzigo wake stoo, anaweza kumuuzia mwenye pikapu lile la kwanza kwa maelezo kwamba "saizi ni ileile". Saizi kweli ni ileile, kazi siyo ileile.

Upana nao hudanganya. Tairi la 205R16C lenye namba 110/108, ambalo limetumika kwa miaka mingi kwenye pikapu za kazi, ni jembamba kuliko 225/75R16 la gari la abiria. Hata hivyo hubeba kilo 1,060, yaani kilo 160 zaidi ya lile pana.

Kuna jambo jingine. Kwa viwango vya Marekani, tairi la gari la abiria likifungwa kwenye pikapu, lori au tela, uzito wake ulioandikwa hugawanywa kwa 1.10, kwa sababu magari hayo hufanya kazi ngumu zaidi. Kwa hesabu hiyo, tairi la kilo 900 linabaki na kilo 818 tu.

Baadhi ya matairi huandikwa pia plai, kwa mfano 8PR au 10PR. Zamani namba hiyo ilihesabu tabaka halisi za pamba ndani ya tairi. Siku hizi ni kipimo cha nguvu tu. Kwa matairi ya LT, plai 6 huitwa C, plai 8 huitwa D na plai 10 huitwa E. Herufi hii C isichanganywe na ile C inayokuja mwishoni mwa ukubwa, mara baada ya kipenyo cha rimu.

UZITO WA TELA UNAVYOFIKA KWENYE TAIRI

Wapo wanaoamini kwamba mzigo ulio kwenye tela unabebwa na matairi ya tela peke yake. Si kweli. Sehemu ya uzito huo hushuka kwenye pikapu kupitia shingo ya tela. Kwa tela lililopakiwa vizuri, shingo hubeba kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa tela. Ikiwa chini ya hapo, tela huanza kuyumba kwa nyuma linapokwenda kasi.

Kwa tela la tani 2, asilimia 10 ni kilo 200. Lakini kilo hizo 200 haziishii kuwa 200 kwenye ekseli ya nyuma ya pikapu, kwa sababu tela linafungwa nyuma ya ekseli, na hapo kuna kanuni ya wenzo. Pikapu ambayo umbali kati ya ekseli mbili ni mita 3.1, na tela likafungwa mita 1.3 nyuma ya ekseli ya nyuma, itaongezewa kilo 284 kwenye ekseli hiyo. Wakati huohuo ekseli ya mbele inapunguziwa kilo 84, ndiyo maana dereva huhisi usukani umekuwa mwepesi.

Tukamilishe hesabu. Tuseme ekseli ya nyuma ya pikapu tupu hubeba kilo 850. Magunia yaliyo kwenye bodi yanaongeza kilo 650 kwenye ekseli hiyo. Shingo ya tela inaongeza 284. Jumla ni kilo 1,784, na kila tairi la nyuma linabeba kilo 892.

Turudi sasa kwenye yale matairi matatu. La kwanza, ambalo kwenye pikapu hubaki na kilo 818, limezidiwa kabla safari haijaanza. La pili na la tatu yanaweza kazi hiyo, ila kwa sharti la upepo litakaloelezwa hapa chini.

Ni vyema hesabu iache akiba ya asilimia 10 hadi 20. Barabara ina mashimo na matuta, na kwenye kona uzito huhamia upande mmoja. Tairi lililofika kikomo likiwa limesimama halina pa kukimbilia kwenye shimo.

TATIZO LA LUMBESA

Hesabu yoyote ya uzito inategemea ukweli wa gunia. Kwa wafanyabiashara wa mazao, hapo ndipo penye mtego. Gunia linaloitwa la kilo 100 likijazwa lumbesa huzidi hapo, na pikapu iliyohesabiwa kubeba magunia 7 kwa kilo 700 inaweza kuwa imebeba zaidi ya hapo bila mwenye gari kujua. Lumbesa imezoeleka kulalamikiwa kwa kumpunja mkulima. Kwa msafirishaji, inapunja matairi.

Njia ya uhakika ni kupima. Gari lipimwe likiwa na mzigo wa kawaida, pamoja na tela, na ekseli ya nyuma ipimwe peke yake. Kipimo kimoja tu kinatosha kutumika kama msingi wa kununulia matairi kwa miaka kadhaa, mradi aina ya mzigo haibadiliki.

Hata hivyo, kupita mizani ya barabarani si ushahidi kwamba matairi yako salama. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyopitishwa mwaka 2013, imeweka vikomo vya ekseli kwa lengo la kulinda barabara. Ekseli ya usukani yenye matairi mawili, kwa mfano, ina kikomo cha tani 8. Kikomo cha namna hiyo kiliwekwa kwa kuangalia malori makubwa. Tairi la pikapu litakuwa limeshapasuka muda mrefu kabla ya kukifikia.

UPEPO NDIO UNAOBEBA MZIGO

Uzito ulioandikwa ubavuni ni ule ambao tairi hubeba likiwa na upepo wa juu kabisa unaoruhusiwa. Upepo ukipungua, uwezo nao unapungua. Tairi la LT225/75R16 linaonyesha jambo hili waziwazi:

- Kwa PSI 80 hubeba kilo 1,215.

- Kwa PSI 65 hubeba kilo 1,060.

- Kwa PSI 50 hubeba kilo 880.

Katika mfano wetu kila tairi la nyuma linahitaji kubeba kilo 892. Aliyenunua tairi hili la gharama kubwa, kisha akalijaza PSI 50, bado amelizidishia mzigo. Akijaza PSI 65 anapata akiba ya kilo 168. Fedha alizoongeza dukani zinaanza kufanya kazi hapo.

Kibandiko cha mtengenezaji wa gari, ambacho aghalabu huwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, huonyesha upepo wa matairi ya aina iliyokuja na gari. Mtu akihama kutoka tairi la abiria kwenda LT au C, upepo uleule hautatosha. Anatakiwa kuomba jedwali la mtengenezaji wa tairi linaloonyesha upepo na uzito.

Upepo upimwe asubuhi kabla gari halijatembea, au baada ya kupumzika kwa takriban saa tatu. Tairi likitembea hupata joto na upepo hupanda. Kila joto linapopanda nyuzi 5 hadi 6 za Selsiasi, upepo huongezeka kwa karibu PSI 1. Dereva anayetoa upepo mchana kwa kuwa "umezidi" anafanya kosa kubwa, kwani kesho asubuhi tairi litakuwa na upungufu. Tairi lenye upungufu wa upepo hujikunja sana kwenye mabavu, hupata joto kali, na mwisho nyuzi huachana na mpira. Hiyo ndiyo njia ya kawaida ya tairi kupasuka likiwa na mzigo kwenye lami.

Kwa upande mwingine, pikapu ikirudi tupu na upepo wa PSI 65, tairi litalika katikati na gari litarukaruka. Mwenye safari ndefu za kurudi bila mzigo apunguze upepo kabla ya kuondoka, kisha aujaze tena kabla ya kupakia. Geji nzuri ya mkononi ni kifaa cha lazima, kwa kuwa geji za vituoni hutofautiana.

Kabla ya kujaza upepo mkubwa, rimu na vali nazo zikaguliwe. Vali za kawaida za mpira hazikutengenezwa kuvuka PSI 65. Kwa upepo wa juu zaidi zinahitajika vali za chuma au za aina maalumu. Rimu nayo ina kikomo chake cha uzito, na rimu dhaifu chini ya tairi imara haisaidii kitu.

MENO: YA LAMI AU YA VUMBI?

Meno ya tairi, ambayo wengine huyaita kashata, yachaguliwe kwa kuangalia kilomita nyingi zinatembewa wapi. Pikapu inayotoka kwenye barabara za vumbi za Bonde la Eyasi hukutana na mawe na mchanga, lakini kutoka Karatu hadi Namanga kupitia Makuyuni na Arusha ni lami tupu. Sehemu kubwa ya safari ni lami.

Kwa gari kama hilo, tairi la matumizi mchanganyiko (AT) linafaa zaidi. Tairi la matope (MT) lenye meno makubwa yaliyoachana linavutia kwa sura na linasaidia sana kwenye tope. Kwenye lami hugusa barabara kwa eneo dogo, hupiga kelele, hulika haraka na hupunguza uthabiti wakati wa kufunga breki tela likisukuma kwa nyuma. Tairi la barabara kuu (HT) ni bora kwa asiyetoka kwenye lami, ila mpira wake ni rahisi kuchanwa na mawe makali.

Uamuzi wa meno uje baada ya uzito. Kuna matairi ya AT yenye namba ndogo ya uzito na mengine yenye namba kubwa, na yote yana sura ya ukakamavu.

USIBADILISHE UKUBWA BILA HESABU

Baadhi ya wenye pikapu hupenda kuongeza kimo. Anayetoka 265/65R17 kwenda 265/70R17 anaongeza kipenyo cha tairi kutoka milimita 776 hadi 803, sawa na asilimia 3.4. Spidomita ikisoma kilomita 80 kwa saa, gari kwa kweli linakwenda karibu 83. Nguvu ya kuvuta inapungua kwa kiasi hichohicho, na breki zinafanya kazi zaidi. Kwa gari la kutembelea hilo si kubwa. Kwa gari linalopanda mlima na tela la tani 2, injini na klachi vitalilipia.

Kwa pikapu za magurudumu manne, matairi yote yawe na kipenyo sawa. Kuchanganya mapya na yaliyolika sana, au chapa mbili zenye vimo tofauti, kunaweza kuharibu gia pale magurudumu manne yanapotumika kwenye lami. Kama uwezo unaruhusu kununua mawili tu, yawe ya ekseli moja, na yafungwe nyuma, ambako ndiko mzigo na tela viliko.

UMRI WA TAIRI NA MATAIRI YA MTUMBA

Matairi mengi yanayouzwa katika ukanda huu huagizwa kutoka nje. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilisimamisha uzalishaji miaka ya 2000, na Sameer Africa ilifunga kiwanda chake cha matairi cha Nairobi mwaka 2016. Tairi linaloitwa jipya linaweza kuwa limekaa melini, bandarini na stoo kwa muda mrefu.

Tarehe ya kutengenezwa huandikwa ubavuni kwa tarakimu nne, aghalabu mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT. Tarakimu 2324 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Isipoonekana upande wa nje, itazamwe upande wa pili. Baadhi ya watengenezaji wa magari hushauri matairi yabadilishwe yakifika miaka 6, na watengenezaji wa matairi huweka ukomo wa miaka 10 hata kama meno bado yapo. Kwa gari la kuvuta mzigo mzito, miaka 6 ndicho kipimo cha busara.

Tahadhari kubwa ni kwa matairi ya mtumba. Meno yanaweza kuwa mazima, lakini historia ya tairi haijulikani. Lililowahi kutembea bila upepo huwa limeumia ndani, na uharibifu huo hauonekani likiwa limeshafungwa kwenye rimu. Anayelazimika kununua akague ndani kabla halijafungwa, na aachane na lolote lenye kiraka au uvimbe ubavuni.

Alama ndogo zilizo ndani ya mifereji ya meno huonyesha kina cha milimita 1.6, ambapo tairi limekwisha kabisa. Kwa anayevuta tela wakati wa masika, kubadilisha likifika milimita 3 ni salama zaidi, kwa sababu uwezo wa kukamua maji hupungua mapema.

Matairi ya tela nayo yasisahaulike. Ni jambo la kawaida kuona pikapu yenye matairi mapya ikivuta tela lenye matairi ya vipara yaliyotolewa kwenye gari jingine. Kanuni ni zilezile: uzito, umri, upepo. Na tela liwe na spea yake, maana mara nyingi ya pikapu haiingii.

BEI KWA KILOMITA

Anayelinganisha bei ya dukani pekee huweza kulipa zaidi. Tuchukue mfano wa hesabu: tairi la Sh 250,000 linalotembea kilomita 30,000 linagharimu Sh 8.30 kwa kilomita. La Sh 380,000 linalotembea kilomita 55,000 linagharimu Sh 6.90. La pili ni ghali kwa siku moja na rahisi kwa miaka miwili, hata kabla ya kuhesabu mzigo uliooza njiani. Kila msafirishaji aandike kilomita siku ya kufunga matairi, ili safari ijayo alinganishe kwa takwimu zake mwenyewe.

KUNUNUA NG'AMBO YA MPAKA

Tofauti ya bei kati ya nchi na nchi huwavuta wengi kununua matairi upande wa pili. Ikumbukwe kuwa utaratibu rahisi wa Jumuiya kwa wafanyabiashara wadogo, wa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama. Tairi lililotengenezwa Asia haligeuki kuwa la Afrika Mashariki kwa kununuliwa katika duka la nchi jirani. Anayebeba matairi mapya kama mzigo ayatolee tamko forodhani na aulize kodi kabla ya kununua. Dhamana nayo iulizwe, kwani ya muuzaji wa nchi moja inaweza isitambuliwe na nchi nyingine.

KABLA YA KULIPA

Kwa muhtasari, mwenye pikapu aende dukani akiwa na namba tatu mkononi: uzito wa ekseli ya nyuma gari likiwa na mzigo na tela, ukubwa wa tairi ulioandikwa kwenye kibandiko cha gari, na kilomita anazotembea kwenye lami na kwenye vumbi. Uzito wa ekseli agawanye kwa mbili, aongeze akiba, kisha asome namba ya uzito kwenye tairi lenyewe, siyo kwenye maneno ya muuzaji. Asome tarehe. Aulize upepo. Matairi yakishafungwa, balansi ifanyike, na nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Yote hayo hayazidi saa moja. Magunia yakishapangwa barabarani Longido, saa moja haitoshi hata kumpata fundi.